Bahasha ya Yokohama

Njoro, Moshi
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mpendwa mdogo wangu Jacob,

Pokea salamu zangu na za wote waliobaki huku. Mimi ni mzima, ila vumbi la mwezi huu limenipa mafua yasiyokwisha. Je, kifua chako kinaendeleaje huko Geita? Mama aliniambia ulikohoa Agosti yote. Kama bado unakohoa, usishuke shimoni mpaka upone, hata wakikukata posho. Mama mwenyewe hajambo. Goti la kushoto linamsumbua asubuhi zenye ukungu, lakini majani ya ng'ombe anakata kwa mkono wake na ukimsaidia anakasirika. Kahawa ya upande wa juu wa shamba la kihamba imezaa vizuri. Ile ya karibu na mfereji imeingiwa na ugonjwa, tumeing'oa mashina kumi na moja. Baba mkubwa Wenseslaus sasa ana miaka themanini na mbili na hakuna kikao cha ukoo kinachokaa bila yeye.

Ujumbe wako wa simu wa tarehe 28 Septemba niliupata. Umeniambia umepata tena pesa, umeliona gari jingine mtandaoni, Subaru ya bluu yenye turbo kama ile ya kwanza, na unataka nikushughulikie makaratasi lifike kabla ya Krismasi, umpeleke Mama kanisani nalo na watu wa Marangu wafunge midomo. Umeandika pia kwamba humwamini mtu mwingine. Nimekaa na ujumbe huo wiki mbili. Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na haya yanatakiwa kwenda kwa mpangilio. Madaftari yangu ya 2015, 2016 na 2022 yako hapa mezani. Tarehe zote nitakazotaja zimeandikwa humo siku yenyewe.

Sitakufanyia makaratasi hayo. Nitakueleza hatua zote ili ufanye mwenyewe, au umpe mtu mwingine ukijua anachopaswa kukifanya.

Tuanze na thamani. Usipige hesabu kwa bei utakayomlipa muuzaji wa Japani. Watu wa ushuru wana orodha yao ya thamani za magari na wanafuata hiyo, hata ukiwaonyesha risiti ndogo. Wale wanaokushauri umwombe Mjapani aandike bei ya chini wanakupotezea muda. Kwenye thamani hiyo huongezwa nauli ya meli na bima. Juu yake unakaa ushuru wa forodha, ambao ni robo. Juu ya jumla hiyo unakaa ushuru wa bidhaa, unaopanda kadiri injini inavyokuwa kubwa. Gari likiwa limezeeka kuna ushuru wa uchakavu, kisha VAT inakuja kuvikalia vyote kwa pamoja. Yaani unalipa kodi ya kodi. Gari la mbio likikugharimu milioni kumi kule, usishangae likikudai nyingine kumi au zaidi hapa kabla halijakanyaga lami.

Uchakavu ndio unaowaumiza wengi. Gari likipita miaka minane unalipa, likipita kumi unalipa maradufu, na miaka huhesabiwa tangu lilipotengenezwa kiwandani, si tangu liliposajiliwa barabarani. Kwenye tangazo la muuzaji mara nyingi utaona mwaka wa kusajiliwa. Ule wa kutengenezwa unautafuta kwa namba ya chesisi, kazi ya dakika tano. Gari lako la kwanza lilisajiliwa Machi 2013, lakini lilitengenezwa Novemba 2011. Hesabu niliyokupigia hapa kwenye steshenari yangu tarehe 9 Februari 2022 ilikuwa ya mwaka 2013.

Unakumbuka ulipoambiwa kwamba pesa imepungua. Ulikuja steshenari umeshika kofia mkononi, ukasema, "Dada, tumekosea." Nikasema ndiyo, tumekosea. Hukunilaumu. Mwezi wa Aprili ulipanda mlima safari tatu mfululizo kwenye mvua, na kwa kuwa nafasi za kuongoza wageni zilikuwa zimekwisha, ulirudi kubeba mizigo kichwani kama ulivyoanza ukiwa na miaka ishirini. Safari ya tatu ulishuka na kucha mbili za mguu zimetoka. Ulinionyesha, tukacheka. Pesa ilitimia tarehe 2 Mei.

Kuhusu ukaguzi wa ubora wa gari, utaratibu umebadilika tangu wakati ule. Uliza kabla meli haijaondoka kama linakaguliwa kule au huku. Usikisie, maana faini yake ni kubwa.

Hatua ya mwisho ndiyo inayolitoa gari. Muuzaji akishalipakia melini anakutumia kwa ndege bahasha yenye hati ya shehena, ile ya asili. Nakala ya kwenye simu inatosha kuanzia hesabu ya ushuru, lakini hailitoi gari bandarini. Anayeishika karatasi ile ndiye mwenye gari. Kwa hiyo bahasha ije kwa jina lako, mahali utakaposimama mwenyewe kuipokea. Siku za bure bandarini ni chache. Zikipita unalipia kila siku, na gari likiendelea kukaa linahamishiwa ghala la forodha, linatangazwa gazetini, linanadiwa. La kwako lilinadiwa tarehe 26 Julai 2022, na ushuru wake wote ulikuwa nao mfukoni.

Tuliitafuta sana bahasha ile. Ulikuwa unashuka kutoka Marangu asubuhi, unakaa kwenye benchi karibu na mashine ya fotokopi, unaningoja nimalize wateja ndipo nifungue ile namba ya kufuatilia mzigo. Siku nyingine ulisinzia hapo hapo, umeegemeza kichwa kwenye meza yangu. Muuzaji alisema ametuma. Mimi nilikuambia mtandao unasema bado. Ulipotaka tumwandikie muuzaji barua ya Kiingereza atoe hati nyingine badala ya iliyopotea, niliiandika vizuri, ukaisaini, ukanishukuru kwa maneno magumu ya sheria niliyoyatia. Halafu tarehe 18 Mei nilikusomea kwenye kompyuta kwamba bahasha imeshapokelewa, na jina la aliyesaini ni Khalid. Hukuja upande wangu wa kaunta kutazama kioo.

Khalid alikuwa wakala wetu wa forodha, na ofisi yake ilikuwa mlango wa tatu kutoka kwangu. Unajua ulichomfanya, lakini ulikuwa na hasira na huenda hukuona kama nilivyoona mimi niliyesimama mlangoni. Ulimvuta nje kwa shati. Aliapa kwa Mungu wake mara tatu kwamba hajaiona bahasha yoyote. Ukamwambia, "Unaapa na kanzu safi hiyo, mwizi wewe!" Wauza chapati wakacheka, na ulipoona wanacheka ukampiga. Jino lilimtoka likaangukia kwenye mfereji wa maji machafu. Mkewe Raya alikuja mbio na ushungi mkononi, akakuta watu wanamwimbia mumewe mwizi, mwizi. Wewe ulilala rumande siku mbili, nikakuwekea dhamana. Ulipotoka ulinishika mikono yote miwili ukaniambia kwamba bila mimi ungekuwa umeshajinyonga. Nililiandika hilo daftarini kama ulivyolisema.

Baada ya mnada Marangu haikukalika kwako. Kwenye vilabu vya pombe ya mbege walikuita Turbo. Ukiingia walikuuliza, "Turbo, meli imefika Himo?" Mwingine anajibu kwamba imekwama kwenye migomba ya Mama Jacob, inangoja mvua. Hata watoto wa kipaimara walikuwa wakikupita barabarani wakiunguruma kwa midomo. Ukaenda Geita. Miaka mitatu hujakanyaga nyumbani, hata jubilei ya Mama hukuja.

Bahasha ilifika hapa dukani tarehe 29 Machi 2022, saa nne asubuhi, Jumanne. Aliyesaini ni mimi. Niliifungua kwa kisu cha kukatia karatasi, nikaisoma hati, nikairudisha, nikaiweka droo ya pili chini ya karatasi za manila. Ilikaa humo siku zote ulizokuwa umelala na kichwa chako juu ya meza ile. Hadi siku ya mnada zilikuwa siku mia na kumi na tisa. Barua ya Kiingereza uliyoisaini sikuituma. Khalid hakuwahi kuishika bahasha yako. Na mwaka wa gari niliujua kabla hujalilipia, maana namba ya chesisi niliitafuta siku ile ile uliponiachia picha. Ungetosha ule mwaka peke yake kukukomesha, lakini ulirudi na pesa imetimia, na kucha mbili zimetoka, na unacheka. Hapo ndipo nilipoamua bahasha haitatoka.

Utauliza kwa nini. Kwamba utauliza, hilo nalo ni sehemu ya jibu.

Tarehe 24 Desemba 2015 binamu zetu walikuja kutoka Dar es Salaam na gari lenye turbo, na wewe ukaomba funguo uwaonyeshe wasichana wa jirani linavyonguruma. Ulikuwa umekunywa tangu asubuhi. Ulilirudisha nyuma uani kwa kasi, kati ya kichanja cha kahawa na banda la ng'ombe, na Goodness wangu alikuwa nyuma, ana miaka minne, anaokota vifuniko vya soda. Ulisema hukumwona. Siku ya Krismasi walimkata mguu chini ya goti.

Tarehe 3 Januari ulikuja kwangu nyuma ya Baba mkubwa Wenseslaus, umeshika jani la isale la kuombea msamaha kwa mikono miwili, kibuyu cha mbege kikifuata. Mtoto alikuwa bado hospitali. Unajua isale halikataliwi. Adui akija nalo unampokea, sembuse mdogo wako. Na mimi nilikuwa binti aliyerudi kwao baada ya ndoa kuvunjika, nalala kwenye chumba cha kuazimwa. Mikono niliiacha mapajani. Baba mkubwa akasema, "Pokea, mwanangu, tusikae hapa mpaka jua lizame." Nikapokea. Nikanywa. Wazee wakasema yameisha, asiende mtu polisi, na mtoto akikua aambiwe alikanyagwa na gari la mgeni lililokimbia. Mchana huo huo nilikusikia jikoni ukiuliza nani amekula nyama ya mgongo.

Tangu siku ile sikuwa na ruhusa ya kukukasirikia. Ningesema neno moja, wangeniambia nililipokea isale mbele ya watu. Miaka sita nilikuandalia chakula. Kisha ukaja na simu yako, tarehe 9 Februari 2022, ukasema, "Dada, hebu sikiliza huu mlio," ukafungua video ya ile Subaru inavyonguruma. Goodness alikuwa kwenye benchi anafunga mkanda wa mguu wake wa bandia. Ukamwambia yeye ndiye atakayekuwa abiria wa kwanza. Hukusita hata kidogo. Ulikuwa umesahau, Jacob. Ulisamehewa vizuri mno mpaka ukasahau.

Sijawahi kujuta kuhusu gari. Nataka ulijue hilo kwa maandishi. Nilipolisoma tangazo la mnada gazetini nililikata nikalibandika kwenye daftari, na siku hiyo nilinunua nusu kilo ya nyama.

Bahasha imeonekana mwezi uliopita. Tarehe 30 Septemba, siku mbili baada ya ujumbe wako, mteja alitaka manila, Goodness akafungua droo ya pili. Sasa yuko kidato cha kwanza, anasoma Kiingereza vizuri kuliko mimi. Alisoma jina lako, akasoma tarehe ya kupokelewa na saini yangu. Akaniuliza, "Mama, hii si ile ya Anko iliyopotea?" Ningeweza kumdanganya. Nilifunga duka nikamwambia yote, na nilianza na wewe na ua na vifuniko vya soda, kwa sababu nilidhani akisikia hayo kwanza atakuwa upande wangu.

Hakulia. Aliniuliza kama ni kweli ulimbeba mgongoni kumpeleka shule, kule kilimani, darasa la kwanza na la pili. Nikasema ni kweli. Akaniomba nimwonyeshe mahali nilipoandika. Tulipekua daftari la 2018 na la 2019, ukurasa kwa ukurasa. Niliandika bei ya sare, niliandika siku mguu wa bandia ulipombana, niliandika siku ulipokuja na harufu ya pombe. Asubuhi hata moja ya zile ulizombeba haimo. Sikuwa nimeziacha kwa makusudi, au sijui. Alifunga daftari akauliza kama Khalid anajua. Nikasema hajui. Akasema niende kwa Khalid, kisha nikuandikie wewe, na kama ningeshindwa angekupigia mwenyewe.

Nilikwenda Ijumaa iliyopita. Khalid hana ofisi tena. Baada ya siku ile wateja walimkimbia, sasa anapima mchele kwa wachuuzi huko Mabogini. Nimekuwa nikinunua mchele kwake miaka miwili, na kila mara aliniuliza habari zako bila ubaya. Nilimweleza amesimama karibu na mizani. Aliomba aione bahasha, akaisoma mbele na nyuma, akapitisha kidole kwenye saini. Kisha akasema kwamba Raya hajawahi kumwita mwizi, ila kwa miaka mitatu kila wanapokosana hunyamaza ghafla, na yeye anajua anachokinyamazia. Akanirudishia bahasha akaniambia, "Ondoka, dada, kabla hajaja na chai. Nikimwambia mbele yako atakuua." Nilipogeuka aliniita. Nilikuwa nimesahau kilo mbili nilizokuwa nimelipia. Alinipimia kamili, akaongeza konzi moja kama kawaida yake, halafu akaitazama ile konzi, akaitoa.

Khalid unamdai jino, Jacob, namaanisha yeye ndiye anayekudai. Mwendee. Hilo ni la kwako, sitaligusa. Mimi yangu kwake sijui nitayaanzia wapi.

Kwako siombi msamaha. Baba mkubwa ameshasikia habari hizi kwa Mama, na jana alinitumia neno kwamba yuko tayari, mgongo na uzee wake, kuja huko Geita kwa basi na isale kwa niaba yangu. Nimemkatalia. Angekuja nalo ungelazimika kulipokea kama nilivyolazimika mimi, ukanywa, ukasema yameisha. Najua kinachobaki ndani ya mtu baada ya hapo. Nichukie kwa wazi, nitakuelewa. Bahasha yenyewe nimeiweka humu, pamoja na orodha ya hatua za gari niliyoichapa upya kwa utaratibu wa mwaka huu. Orodha ni sahihi. Unaweza kumpa mtu mwingine aikague, na nadhani utafanya hivyo.

Goodness hayuko nami. Jumamosi ya tarehe 4 mwezi huu alifungasha sare na vitabu, akahamia kwa Bibi yake Marangu. Nilitaka kumbebea begi hadi barabarani, akalishika yeye, akatembea mbele yangu na ule mguu, taratibu, bila kugeuka. Shule anasema atapanda basi kila asubuhi. Kabla hajaondoka nilimuuliza kama angependa uje Krismasi na gari lako. Akasema tukija wote wawili, yeye atakwenda kusali Krismasi kwa akina Lukresia, rafiki yake wa shule, na tukija mmoja mmoja atakwenda vilevile.

Nimefika mwisho wa karatasi. Mama anakusalimu sana na anataka kujua kama blanketi alilokutumia lilifika. Baba mkubwa anakusalimu. Mashangazi wa upande wa mfereji wanakusalimu, na padri aliulizia. Kila barua niliyowahi kukuandikia niliifunga kwa salamu za Goodness, hata siku ambazo sikumuuliza. Leo baada ya misa nilimpigia nikamuuliza niandike nini kutoka kwake. Nilisikia kuku wa Mama, nikasikia mtu anakata majani. Akasema, "Sijakutuma."

Ni mimi dada yako,
Hilda